Sura ya Nane: Ardhi Ilizama, Bomba Likabaki

Inspekta Wuryani alisukuma mlango wa chumba cha mahojiano, akamkuta Sajini Tohirin amemkalia mtuhumiwa kifuani. Wasiomjua Tohirin waelezwe: pikipiki ya mwisho ya kituo iliyokubali kumbeba ilikatika katikati mbele ya soko la samaki la Pekalongan, nusu ya mbele ikaendelea na safari yake kama haikusikia kitu, na wauza samaki wakapiga makofi. Mtu wa namna hiyo akikukalia, husemi ukweli wala uongo. Unatafuta hewa.

"Shuka," alisema Wuryani.

"Bu, amekaribia kusema," alijibu Tohirin. Mjini pale mwanamke wa heshima huitwa Bu, na mwanamume Pak.

"Atasemaje na wewe umemkalia mapafu? Shuka!"

Tohirin alishuka. Mtu aliyekuwa chini aliitwa Wage, mfuga bata wa mtaa wa Karangbanyu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepasuka, damu imegandia shavuni. Hiyo haikuwa kazi ya polisi. Majirani zake ndio waliomtoa nje juzi wakamponda kwa matofali. Vidole vya mkono wa kulia, kila kimoja kikitazama upande wake, hivyo vilikuwa vya Tohirin.

"Wage," Wuryani alichuchumaa, goti lake bovu likalia ko! "Kofia ya pikipiki ya marehemu Pranoto ilifikaje kwenye banda lako?"

"Bu, ningemuua mimi, kofia ningeificha kwa jirani. Nani anaficha kitu kwa bata? Wale hawana siri."

"Ulisema mkutanoni utamchinja."

"Nilisema. Alikuja na ramani zake za kompyuta, akasema kisima chetu kizibwe kwa sababu ndicho kinachozamisha mji. Nikamwambia nitakuchinja." Alimeza mate mekundu. "Mtaani kwetu watu huchinjana kwa mdomo kutwa nzima. Mke wangu kanichinja asubuhi ileile."

Tohirin alicheka, kisha akaona uso wa mkubwa wake akaacha.

Kwa Kamanda kesi ilikuwa imekwisha. Pranoto, mtaalamu wa maji ya ardhini wa ofisi ya mji, alikutwa amelala kifudifudi katika mfereji wa rangi za batiki, kisogo kimevunjika. Alikuwapo mtu aliyemtisha hadharani, na kofia ilikutwa kwake. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na waandishi wa habari walikwisha alikwa kusikiliza jina la muuaji mara tu watu watakapotoka msikitini. Jina likishatajwa, kesi inakwenda kwa mwendesha mashtaka, na huko anakokwenda Wage harudi.

Wuryani hakupingana na Kamanda. Alikwenda chumba cha maiti.

Daktari Sundari alikuwa anakula wali wa megono, wenye fenesi bichi na nazi, kwenye jani la mgomba, mezani palepale pa kazi, marehemu yuko upande wa pili amefunikwa.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Nimeweka mapafu pembeni kwa ajili yako."

"Malizia kwanza kula, Daktari."

"Hayanizuii. Sikiliza. Kisogo kiligongwa, lakini hakikumuua. Shingoni kuna alama za vidole. Kucha zimeng'oka, alikuwa anakwaruza kitu kigumu, saruji ninavyoona. Kilichomuua ni maji. Alizamishwa kichwa mpaka akaacha kupiga mateke."

"Mferejini."

"Ndilo ninalotaka kukuambia. Mfereji ule ni zambarau asubuhi, kijani jioni, na una chumvi ya bahari. Aliyezama pale, mapafu yake hutoka na rangi ya shati la harusi. Haya," alielekeza kwa kijiko, "yana maji meupe, matamu. Ungeweza kuchemshia chai."

"Usinikaribishe."

"Na kitu kingine. Miwani yake ilikuwa imening'inia sikioni. Kioo kimoja hakipo."

Wuryani alipompigia simu Kamanda, alijibiwa kwa mkato. "Maji ni maji, Bu. Si kile kisima chao cha mtaa kina maji matamu? Basi alimzamisha pale."

"Kile ni bomba lenye upana wa sahani, Pak. Hata paka haingii. Na bombani pale wanawake wanapanga ndoo kutwa nzima, watu wangeona."

"Una muda mpaka watu watoke msikitini," alisema Kamanda, akakata.

Kaskazini mwa mji ule, ukichimba kisima kifupi unakunywa bahari. Maji matamu yako chini kabisa, chini ya tabaka za udongo wa mfinyanzi, na huyafikii mpaka uwe na kisima kirefu na kibali. Kwa hiyo kulikuwa na kazi moja tu: kumpata mwenye maji matamu mengi kiasi cha kuzamisha mtu mzima. Na aliyekuwa anajua kila kisima kirefu mjini alikuwa ndani ya friji ya Daktari Sundari.

Alibaki Hanum, aliyekuwa akikaa meza moja na Pranoto ofisi ya maji. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Hakuficha.

"Mbak Hanum, dada, niambie kama unavyomwambia shangazi yako," alisema Wuryani. "Hii modeli yenu ni nini?"

Hanum aligeuza kompyuta. Mji wa Pekalongan ulikuwa umekatwakatwa vipande vya mraba, kama sakafu ya vigae.

"Ni mji wa pili, Bu. Kila kigae kina mchanga wake na udongo wake chini. Mvua inaingia kiasi fulani, pampu zinatoa kiasi fulani. Tunaandika hesabu, kompyuta inasukuma maji kutoka kigae hiki kwenda kile, kama yanavyokwenda kweli huko chini. Hapo tunaweza kusema kila mmoja anywe kiasi gani ili hata mwakani yawepo, na ardhi isizidi kuzama."

"Na Karangbanyu?"

"Hesabu ilikataa. Tuliweka pampu zote zenye vibali, lakini visima vya kupimia vinaonyesha maji yameshuka kuliko modeli inavyosema. Maana yake kuna mtu anayekunywa na hayumo kwenye vibali. Pranoto akafanya hivi: akaweka kisima cha kubuni katika kigae kimoja, akaendesha hesabu. Haikulingana. Akakihamishia kingine. Akazunguka nacho mji mzima mpaka kompyuta na visima vikasema neno moja." Alibonyeza. Sehemu ndogo ikawa nyekundu. "Hapa."

"Ndipo akasema wazibe kisima cha kina Wage."

"Ndicho kilichokuwa kinaonekana, Bu. Yule aliyejificha anaharibu hesabu ya wote, na adhabu inamwangukia anayeonekana. Lakini baada ya mkutano alirudi akakaa hapo," akaonyesha kiti kitupu, "akaniambia, Hanum, tumekosea. Kile kisima hata kipigwe pampu usiku na mchana, hakiwezi kunywa hivi. Aliyejificha yuko humo humo ndani ya wekundu. Akavaa kofia akaenda. Alisema akimpata, atapita kwa yule mfuga bata kumwomba radhi."

Tohirin, aliyekuwa ameegemea mlango, alitazama mikono yake mwenyewe.

Wakati wa kutoka, Wuryani alisimama uani. Kisima cha ofisi cha kupimia kilikuwa bomba la chuma lililotokeza ardhini, na katikati yake, karibu urefu wa paja juu ya ardhi, bamba la zege lilikuwa limening'inia hewani. Chini ya bamba paka alikuwa amelala na watoto wake.

"Nani mjenzi wenu?" aliuliza. "Kwa nini amemwaga zege hewani?"

"Lilimwagwa chini kabisa, Bu, sawasawa na ardhi. Bomba limesimama juu ya mchanga mgumu huko chini. Ardhi inazama, bomba halizami. Kila mwaka linatoka zaidi." Hanum alijaribu kutabasamu. "Wageni hudhani linaota."

Wuryani aliutazama ule uwazi mpaka paka akajisikia vibaya akageuza mgongo.

Karangbanyu, sehemu ile nyekundu ya Hanum ilikuwa na vitu vitatu vya kuzungumziwa: kiwanda cha barafu, nyumba ya kusalia, na karakana ya batiki ya Haji Zarkasi.

Kiwanda cha barafu kilikuwa na kisima, na kisima kilikuwa na mita, na mita ilikuwa na lakiri ya serikali. Bamba la zege lilikuwa limening'inia vilevile hadharani, watu wameanikia soksi juu yake. Meneja alikuwa akilaani kila mtu aliyewahi kufanya kazi manispaa.

"Bomba la mji limekauka tangu alfajiri! Kisima changu nina mgao, Bu, nikizidisha wananifungia. Niambie barafu nitengeneze kwa mate?"

Kwenye nyumba ya kusalia Wuryani alisukutua kinywa kwa maji ya kutawadhia, akatema. Chumvi tupu.

Ikabaki karakana.

Haji Zarkasi aliwapokea mlangoni, mzee mwembamba, kofia nyeupe, tabasamu la mtu anayekuuzia kitambaa hata ukiwa kipofu. Ndani vijana waligonga mihuri ya shaba juu ya vitambaa, wakiichovya kwenye karai za nta ya moto. Nyuma, mapipa ya kuchemshia yalitoa mvuke. Aliyekuwa anagonga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Kusno, mkwewe, mikono kama magogo.

"Karibu, Bu Inspekta! Pak Sajini, usikae hapo, hicho ni kiti cha watu. Leteni chai! Nimesikia mmemkamata yule mshenzi. Alhamdulillahi."

"Tunamalizia vitu vidogo, Pak Haji." Wuryani alipita kwenye beseni la kusuuzia vitambaa, akachovya kidole, akakilamba. Yalikuwa matamu, na yana uvuguvugu kama yaliyotoka kwenye mwili wa mtu. "Maji haya ya wapi?"

"Ya manispaa, ya wapi tena?"

"Manispaa imekauka tangu alfajiri. Jirani yako wa barafu amenitukania ukoo mzima."

"Tuliweka akiba."

"Akiba ya moto moto? Maji yanayotoka chini kabisa ndiyo huwa na uvuguvugu."

Kugonga mihuri kulipungua. Kusno peke yake aliendelea, pa, pa, pa.

Sakafu ya Haji ilikuwa nzuri, na mpya. Hilo halikuwa ajabu. Pekalongan kila mwenye nyumba huinua sakafu. Bahari ikianza kuingia chumbani unamwaga kifusi, unapanga vigae juu ya vigae, na baada ya miaka unarudia. Zipo nyumba ambazo sakafu imeifuata dari mpaka mwenye nyumba anaingia kwake ameinama kama anakwenda kuomba msamaha. Hakuna anayeuliza kwa nini umeinua sakafu, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini umenyoa. Ukitaka kuzika kitu mjini pale, huna haja ya shimo. Unainua sakafu.

Lakini katikati ya karakana palikuwa na rundo la majora ya kitambaa, mahali ambapo kila mfanyakazi alilazimika kulizunguka. Na maji ya kusuuzia yaliyomwagika kutoka kwenye beseni yalikuwa yanatiririka kuelekea rundoni, yakifika karibu yanagawanyika, mengine kushoto, mengine kulia, kama yaliyoogopa kitu.

"Tohirin. Ondoa majora."

"Hayo ni ya mteja!" Haji alipaza sauti. "Yatachafuka!"

Tohirin aliyabeba mawili mawili, kama mtu anavyobeba mito. Chini ya jora la mwisho vigae vilikuwa vimepasuka kwa mviringo, mduara kamili wa upana wa sinia, na katikati ya mduara sakafu ilikuwa imevimba kama mkate.

"Sakafu imechoka," alisema Haji, lakini midomo yake ilikuwa imepauka.

"Imechoka kwa duara?" Wuryani alipiga magoti. "Ulizika bomba, Pak Haji. Ulikata kichwa chake, ukamwaga kifusi, ukapanga vigae, ukadhani limekwisha. Ila karakana yako inazama, tena inazama kuliko mtaa wote kwa sababu unayanyonya maji yaliyo chini yako mwenyewe. Bomba halizami. Linapanda. Pranoto alikuja akaliona, sivyo?"

Pa, pa, pa kulinyamaza.

Wuryani aliona kivuli kabla ya kuona mtu. Karai la nta lilipaa. Tohirin alimsukuma mkubwa wake kando kwa bega, na nta yote ikamwangukia yeye shingoni na mgongoni. Alilia sauti ambayo Wuryani hakuijua kuwa ya binadamu. Kusno alikuwa tayari amemfikia na muhuri wa shaba mkononi. Alimpiga pigo la kwanza sikioni, Tohirin akaegemea meza kwa kiganja, na la pili likashuka juu ya kiganja hicho. Mifupa ya vidole ilisikika mpaka mlangoni.

"Kusno!"

Kusno aligeuka na kuuinua muhuri mara ya tatu. Wuryani alimpiga risasi pajani. Hakuanguka. Alichechemea akaja, akamgonga mbavuni, Wuryani akasikia kitu ndani yake kikiachia, akapiga tena, goti. Safari hii mtu aliporomoka, akajishika kwenye ukingo wa pipa la kuchemshia, pipa likainama naye, na maji yachemkayo yakammiminikia miguuni. Wafanyakazi wakatoka mbio, wengine kwa mlango, wengine kwa madirisha, mmoja kwa dirisha ambalo halikuwa limefunguliwa.

Haji Zarkasi hakukimbia. Alikuwa amesimama mbele ya pazia la vitambaa ukutani, mikono ameitandaza kama anayezuia kuku.

Wuryani alimtoa kwa mdomo wa bastola. Nyuma ya pazia kulikuwa na tangi la saruji, limejaa maji maangavu, na bomba nene linaingia kutoka chini ya sakafu. Kwenye ukingo wa ndani kulikuwa na mikwaruzo mipya. Aliingiza mkono mpaka begani kwenye chujio la kutolea maji, mbavu zikimkata pumzi, akatoa nyuzi za kitambaa, mabonge ya nta, na kioo kimoja cha miwani.

"Baba mkwe alisema nimshike kidogo tu!" Kusno alikuwa akilia chini, ngozi ya miguu imeanza kujikunja. "Aogope tu! Yule mjinga alipiga magoti pale akacheka, akasema nimekupata, nimekupata, kama mtoto aliyeona mwezi wa Idi. Baba akasema mshike. Nikamshika. Baba akasema bado, bado..."

"Nyamaza, mbwa!" Haji alifoka.

"Na kofia?" aliuliza Wuryani.

"Niliitupa kwa bata," alisema Kusno.

Wuryani alipiga simu. Nyuma ya sauti ya Kamanda kulisikika viti vikiburutwa na watu wakikohoa.

"Bu, ndio nashika kipaza sauti."

"Kiachie, Pak. Nimepata tangi, nimepata kioo cha miwani, nimepata muuaji na aliyemtuma, na Sajini Tohirin shahidi wangu, kama atapona. Ukitaja jina la Wage, kesho nitataja lako."

Kisha Kamanda akasikika akiwaambia waandishi kwamba chai inakuja.

"Na atolewe pingu apelekwe hospitali," Wuryani aliongeza. "Sasa hivi, sio mkimaliza chai."

Alimfunga Haji pingu, akamwinua Tohirin kwa kumshika mkono wake mzima. Shingo ya sajini ilikuwa imefunikwa na nta iliyoganda, nyeupe kama sanda, na vidole vyake vilikuwa vimegeuka kila kimoja upande wake. Alikuwa anavitazama.

"Bu," alisema, "vinauma."

"Najua. Na Wage anajua. Tembea."

Walipofungua lango, mtaa ulikuwa umejaa. Swala ilikuwa imekwisha, na wafanyakazi waliokimbia walikuwa wamekwisha simulia yote, na zaidi. Wanaume wa Karangbanyu walikuwa wamesimama na sarongi zao za Ijumaa, mikeka ya kusalia mabegani, na mikononi wameshika matofali. Mbele yao alikuwa Rohmat, fundi baiskeli.

"Tupe huyo Haji, Bu. Wewe nenda zako."

"Haji ni wangu."

"Ametuzamishia nyumba! Ametufanya tunywe chumvi, akasingizia kisima chetu! Ametufanya tumpige Wage!"

"Amekufanya?" alisema Wuryani. Alikuwa anavuja jasho, kila pumzi ni kisu. "Rohmat, jicho la Wage lilipasuliwa kwa mkono gani?"

Rohmat alilitazama tofali lake. "Tulidhani ni yeye."

"Mlikuwa na uhakika."

"Juzi ni juzi. Leo tuna uhakika kweli!"

Tofali likatoka nyuma, halikuwa la Rohmat. Lilimpata Wuryani juu ya nyusi. Alirudi hatua, akaegemea kifua cha Haji, damu ikamwingia jichoni. Hakuinua bastola. Alijipangusa kwa mkono wa koti, akapenya na mfungwa wake hadi kwenye gari, akamsukumia Haji ndani. Kisha akaushika mlango ukabaki wazi.

"Rohmat. Ingia."

"Mimi?"

"Jicho la mtu limepasuka, kuna kesi. Ingia."

"Bu, mtaa mzima ulikuwapo! Kwa nini mimi peke yangu?"

"Nani kasema peke yako?" Wuryani aliwageukia wengine kwa jicho lake moja linaloona. "Ndani mna nafasi. Aliyekuwapo siku ya Wage aje na tofali lake, nataka nilipige picha."

Mmoja alikumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mwingine akamkumbuka mamake mgonjwa. Walianza kuondoka kwa adabu, wakiinamisha vichwa, na hakuna aliyekimbia, maana kukimbia kungeonekana. Rohmat aliwatazama mmoja mmoja, akiita majina yao, na kila aliyeitwa aliongeza mwendo. Mwishowe aliweka tofali lake chini taratibu, akaingia garini, akakaa bega kwa bega na Haji Zarkasi.

Tohirin alifunga mlango kwa mkono wa kushoto. Mtaani hapakuwa na mtu. Yalibaki matofali tu, barabara nzima, yamewekwa vizuri kando ya mikeka ya kusalia ambayo wenyewe walikuwa wameisahau.